Kabla hujanunua hita ya maji, kagua nyaya za keja yako

Baridi ya Julai hapa Nairobi haina adabu. Unaamka saa kumi na moja alfajiri, unafungua mfereji bafuni na maji yanakuuma kama yametoka kwenye friji. Hapo ndipo kila mmoja wetu huapa kwamba mwisho wa mwezi ukifika lazima anunue hita. Mshahara ukiingia tu, mbio hadi Luthuli Avenue, na swali ni moja: "Bei ya mwisho ni ngapi?"

Swali hilo ndilo linalotuponza.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usinichukulie kama injinia. Somo la stima nililipata bafuni. Nyumba ya kwanza niliyokodi ilikuwa na shawa ya kupasha maji papo hapo. Kila nikigusa mfereji nikiwa nimelowa, nilihisi kama sisimizi wananitambaa hadi kwenye kiwiko. Nilipomwambia keateka, alicheka. "Vaa slipa za plastiki, kijana." Nikavaa. Miezi minane nilioga na slipa nikidhani nimepata dawa. Siku moja fundi aliyekuja kurekebisha soketi aliifungua ile shawa na kunionyesha: waya wa ethi, ule wa kijani na manjano, ulikuwa umekunjwa pembeni. Haukuwa umeunganishwa popote. Miezi minane nilikuwa nikicheza pata potea na maisha yangu.

Kwa hivyo sikiza. Hita nzuri ni ile ambayo nyaya zako, maji yako na mfuko wako vinaweza kuibeba. Hebu tuziangalie moja moja.

Shawa ya papo hapo ndiyo wengi wetu tunayoijua. Ni ya bei nafuu na hupasha yale maji unayotumia tu. Lakini inakula stima kwa pupa. Nyingi hutumia wati 5,500 hivi. Ukioga dakika 10, umemaliza karibu uniti moja ya tokeni. Peke yako, hizo ni kama uniti 27 kwa mwezi. Mkiwa wanne, mnapita 100. Chukua risiti yako ya tokeni, angalia bei ya uniti moja, kisha upige hesabu mwenyewe.

Tena wati hizo huvuta ampia 23 hivi, ilhali soketi ya kawaida ni ya ampia 13. Ndiyo maana shawa hiyo inahitaji waya wake mnene wa kutoka moja kwa moja kwenye boksi la stima, breka yake, na ethi inayofanya kazi. Fundi akikwambia ataivuta kutoka kwenye soketi ya sebuleni, mwambie ahsante na umfungulie mlango aende zake.

Usisahau maji yenyewe. Kama unaishi Syokimau au Kitengela na mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, itisha shawa iliyotengenezewa maji ya chumvi. Maji hayo hupitisha stima kwa urahisi zaidi, na hula koili ya kawaida upesi. Na kama uko orofa ya juu kabisa ambako maji hutiririka kama machozi, koili inaweza kuungua kwa kukosa maji ya kutosha.

Hita ya tangi inafaa familia, maana huvuta stima taratibu na hutoa maji kwenye mifereji kadhaa. Shida yake ni kusahaulika. Kupasha lita 50 hadi yawe moto kweli hutumia uniti mbili na zaidi, na ukiiacha imewashwa mchana kutwa, itaendelea kuyapasha tena kila yakipoa, hata kama hakuna mtu nyumbani. Iwashe kabla ya kuoga, halafu uizime.

Sola ni tamu ukiwa na paa lako. Gharama ya mwanzo ni kubwa, na siku za mawingu utahitaji stima ya kusaidia, lakini jua halina tokeni. Kwa mpangaji wa bedsita, hiyo ni ndoto ya baadaye.

Hita ya gesi haijali stima ikipotea. Lakini usiifunge kamwe ndani ya bafu lililofungwa. Gesi ikiungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu wala rangi. Unahisi kizunguzungu, unafikiri ni uchovu, unaanguka. Mahali pake ni nje, penye hewa, au iwe na bomba la kutoa moshi nje.

Na ile koili ya kutumbukiza kwenye ndoo? Ndoo ya lita 20 hutumia takriban nusu uniti, kwa hivyo kwa tokeni hakuna anayeishinda. Lakini chomoa plagi kwanza ndipo upime joto kwa mkono. Sio kuzima swichi tu, chomoa. Na kama kuna mtoto nyumbani, bora uchemshe kwa sufuria.

Mwisho, nina neno kwa wenye nyumba. Mnatangaza "nyumba ina maji moto" na kuongeza kodi kwa sababu yake. Basi tuonyesheni ethi. Anayelipa kodi anapaswa kuoga bila kuvaa gamubuti.

Nawe mpangaji, kabla ya kulipa dipoziti, leta fundi wako wa stima aipime ethi na kukagua waya wa bafuni. Utamlipa pesa kidogo kuliko utakayotumia kwa hita yenyewe. Ikiwa tayari umehamia na unahisi wale sisimizi, zima breka leo hii, oga kwa ndoo, na umpigie mwenye nyumba hadi aitengeneze. Asikwambie mtu uvae slipa.