Mgonjwa Aangukapo Wodini: Kadari au Amana Iliyopuuzwa?

Ajali haina kinga, wamesema wahenga. Maneno hayo husikika kila jamaa wanapoarifiwa kuwa mgonjwa wao ameanguka usiku wodini na kugonga kichwa. Wengine huongeza kuwa hiyo ni kadari, na mazungumzo yakaishia hapo. Nasi tunaiamini kadari. Lakini je, imani hiyo ndiyo ituzuie kuuliza sababu?

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kuwa kuanguka ndiyo madhara yanayowapata wagonjwa hospitalini mara nyingi zaidi. Hospitali yenye wagonjwa 100 waliolazwa hukadiriwa kupata matukio 3 hadi 5 katika kila siku 10, na zaidi ya theluthi moja ya matukio hayo huleta majeraha. Sababu zake zinajulikana: sakafu yenye maji, taa hafifu, kitanda kirefu, dawa ziletazo usingizi au kizunguzungu, na mgonjwa kukosa wa kumshika mkono aendapo msalani.

Jeraha la kichwa ni la kuogopwa kwa kuwa hujificha. Ubongo wa mzee husinyaa, na mishipa midogo ya damu inayouzunguka huvutika, ikawa rahisi kukatika. Damu yaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu kwa siku au hata wiki kadhaa, ilhali nje hapana alama. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande yumo hatarini zaidi. Basi kauli ya kwamba "hakuumia, ameinuka mwenyewe" haitoshi. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa au udhaifu wa upande mmoja wa mwili ni dalili za kumwita daktari papo hapo.

Mgonjwa ni amana. Hospitali inawajibika kumpima hatari ya kuanguka tangu alazwapo, kukishusha kitanda chake, kuandika kila tukio na kuwaeleza jamaa ukweli. Wala si haki kumtwisha lawama zote muuguzi mmoja aliyeachiwa wodi nzima usiku. Waliompanga peke yake nao wana la kujibu.

Nasi jamaa tuna fungu letu. Tumletee mgonjwa viatu visivyoteleza, na tuwaambie wauguzi iwapo amewahi kuanguka nyumbani. Wazee wetu tuwakumbushe wasitoke peke yao alfajiri kutafuta maji ya udhu. Sharia imemruhusu mgonjwa asiyeweza kuyafikia maji, wala hana wa kumletea, atayamamu. Na asiyeweza kusimama aswali ameketi au amelala.

Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mtu amfunge kwanza ngamia wake, kisha amtegemee Mola. Nasi tutimize sababu kwanza, ndipo tuseme kadari. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.