Dola Hainyauki kwa Amri

Wapo wasemao kwamba jamii isiyo na dola ni ndoto ya Wazungu waliojifungia maktabani. Wapo pia washikiliao kwamba Mwafrika aliishi katika jamii hiyo kabla Marx hajazaliwa, na kwamba Ujamaa ulikuwa njia ya kurejea huko. Pande hizi mbili hazijapata kuisha ugomvi, na zote mbili zimepotea njia. Mwenye kutaka hakika na apande milima ya Buha, aulize yaliyopita Kasulu na Kibondo.

Buha ilikuwa na watawala walioitwa mwami: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo. Mwami alikuwa na ng'ombe, na aliyekabidhiwa ng'ombe alilipa kwa utumishi. Hapo hapakuwa na pepo isiyo na mtawala. Ila ardhi na matambiko yake yalikuwa mikononi mwa mteko, na nyumba zilitawanyika vilimani, kila kaya na migomba yake. Dola ilikuwapo, mkono wake haukufika kila mgombani.

Ni nani basi aliyeurefusha mkono huo? Ni wale wale waliohubiri undugu. Uchifu ulifutwa 1963. Azimio la Arusha likaja Februari 1967, na Septemba ya mwaka huo Nyerere akaandika katika Ujamaa Vijijini kwamba watu wasilazimishwe. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma: kaya zilizotawanyika zikakusanywa vijijini, na wengi wakaachana na mashamba yao ya jirani. Novemba 1973 hiari ikazikwa rasmi. Kuishi vijijini kukawa amri kwa nchi nzima, na mwisho wake 1976. Sheria ya 1975 ikakipa kijiji halmashauri, na 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa.

Itasemwa kwamba Ujamaa haukuwa ukomunisti. Kweli, Nyerere aliukataa msingi wa vita vya matabaka tangu 1962. Lakini swali ni lile lile: je, jamii ya kujitawala yaweza kuzaliwa kwa mkono wa dola? Engels aliandika kwamba dola haifutwi, bali hunyauka; Lenin akalishika neno hilo 1917. Moscow dola ilinenepa. Kasulu nayo ilishuka garini, ikahesabu kaya, ikapanga nyumba kwa mistari.

Na pale wakulima walipojitawala wenyewe, yaliwapata yapi? Litowa na vijiji wenzake vya Ruvuma vilikuwa na chama chao cha maendeleo, vikilima pamoja na kuamua pamoja bila kuswagwa. Rais mwenyewe alivisifu. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Kijiji kilichokaribia zaidi lile lililohubiriwa ndicho kilichoogopwa na wahubiri.

Watetezi wa dola watajibu: paka akiondoka, panya hutawala; tena nani angejenga shule na zahanati? Shule na zahanati ni neema, asiyezishukuru hana haki. Lakini methali hiyo haikusema kwamba paka hali nyama, wala mtoto hakuhitaji baba yake aamriwe mahali pa kulala ndipo afundishwe kusoma.

Neno lenyewe linatuonya. Dola limetokana na Kiarabu, na katika asili yake mna maana ya kuzunguka, ya zamu ipitayo mkono hadi mkono. Ilitoka kwa mwami ikaenda kwa bwana shauri, ikatoka kwa bwana shauri ikaenda kwa katibu wa chama. Kila aliyeipokea aliahidi kuitumia kwa ajili ya wanyonge, na kila mmoja aliikuta tamu.

Jamii isiyo na dola haitaletwa na chama kilichoishika dola. Ikiwezekana, itaanzia pale mkulima atakapoweza kusema hapana kwa mwenye gari, na asubuhi akaamka nyumbani kwake.