Mwacheni binti amalize somo lake

BARAZANI na Elinami Kweka

Jumamosi mbili zilizopita, saa kumi jioni, binti wa kidato cha tatu alisimama mbele ya vijana wenzake usharikani kwetu, akafungua kaunta buku, akafundisha habari za Samweli. Mimi ni mlezi wao, nilikaa benchi la nyuma. Wazee wawili wa kanisa walikuwapo pia, wakisubiri kikao chao.

Tulikuwa tumeandaa somo hilo pamoja kwa wiki mbili. Nilitegemea aanzie pale tunapoanzia wengi, mtoto anapoitwa usiku. Yeye alianza nyuma zaidi, kwa Hofni na Finehasi, wana wa kuhani Eli, waliokuwa wakijichukulia nyama za sadaka kwa uma wa meno matatu. Akasema Samweli alikuwa mtoto mle hekaluni muda wote huo, na macho alikuwa nayo. Kisha akainua kichwa: “Hata sisi mnada tunauona.”

Kwa msomaji asiyesali kwetu: watu huleta sadaka ya mkungu wa ndizi, mayai au kuku, na ibada ikiisha vitu hivyo hunadiwa nje. Mzee mwenye heshima akitaja bei ya chini, wengine hunyamaza, mnadi akahesabu upesi mpaka tatu, jogoo akaenda. Wanaomshika jogoo miguu wakati huo ni vijana. Uzito wake wanaujua kwa mikono yao.

Hakutaja mtu. Alirudi kwenye daftari, ambalo alikuwa amelilaza mezani ili mkono usionekane unavyotetemeka, akaendelea hadi mwisho.

Jumanne nikaitwa na baraza la wazee. Nikaambiwa kwamba kuanzia sasa masomo ya vijana yatafundishwa na watu wazima. Vijana wabaki na kwaya, usafi na kupanga viti. Sababu niliyopewa ni kulinda mafundisho sahihi.

Sababu hiyo siidharau. Nimewahi kumsikia kijana akihubiri kwa sauti aliyoiokota kwenye televisheni, anaahidi magari na viza, na Maandiko hayajafunguliwa. Lakini dawa ya kijana yule ilikuwa mtu mzima wa kukaa naye Alhamisi jioni, kumuuliza: mstari huu unasema nini hasa, na wewe umeupata wapi huo mwingine? Tulifanya hivyo. Leo ni mmoja wa walimu wangu watulivu. Na kuhusu binti huyu, niliwaomba wazee wanionyeshe sentensi moja aliyopotosha. Hawakuwa nayo.

Tunajichanganya wenyewe. Tunawafundisha kipaimara, tunawasimamisha madhabahuni wakiri imani kwa vinywa vyao, tunawakaribisha mezani pa Bwana kama watu wanaojua wanachoamini. Baada ya hapo tunawapa ufagio. Wakienda shule za bweni, UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, inawapa neno: wa miaka kumi na sita anahubiria bweni zima, anaombea wagonjwa, anapatanisha waliogombana. Likizo ikifika anarudi nyumbani kubeba spika. Sisi Walutheri tuna Sikukuu ya Mikaeli na Watoto mwishoni mwa Septemba, watoto wanaongoza ibada na sote tunafurahi. Naipenda mno siku hiyo. Ila mara nyingi maneno wanayosema yameandikwa na mtu mzima, na Jumapili inayofuata kila kitu kimerudi mahali pake.

Kanisa la ukanda huu halikukua hivyo. Mei 1886, huko Munyonyo, Uganda, Kabaka Mwanga alimhoji mtumishi wake, Denis Ssebuggwawo, kijana wa miaka kama kumi na sita, alikuwa akifanya nini na Mwafu, mtoto wa Katikiro, waziri mkuu wake. Denis alijibu kwamba alikuwa akimfundisha dini. Aliuawa kwa jibu hilo. Mwaka 1964 Papa Paulo VI alimtangaza mtakatifu pamoja na wenzake ishirini na mmoja, na kila Juni 3 mahujaji hufurika Namugongo, wengine wakitoka kwetu kwa miguu. Kijana mwalimu na mwanafunzi kijana mwenzake: hivyo ndivyo neno lilivyopita kwenye kasri lile.

Ninachowaomba wazee wangu ni wamtazame Eli tena. Alikuwa na makosa mazito nyumbani mwake, lakini ndiye aliyemfundisha mtoto kuitambua ile sauti na namna ya kuiitikia. Asubuhi yake, mtoto alipoogopa kusema kwa kuwa ujumbe ulimhusu Eli mwenyewe, mzee alimbana asimfiche hata neno moja. Alisikiliza mpaka mwisho. Hilo ndilo fungu ambalo binti alilifikia aliporudi daftarini, na nadhani minong’ono ya benchi la mbele iliwafanya wengi wasilisikie.

Nimeomba baraza litafakari upya uamuzi wake, na nimesema wazi kwamba sitakubali kukaa mbele kufundisha kwa zamu ya kijana aliyeondolewa. Wakati tunasubiri, binti alipita kwangu juzi akitoka shule, akaazima Itifaki ya Biblia. Anataka kusoma Yeremia. Aliniuliza kama bado ana zamu mwezi ujao, nikamwambia aandae.