Ujerumani Yahitaji Wauguzi, Je, Yawataka Wageni?

Juma hili twaitazama Ujerumani, nchi ambayo tangu mwaka 1972 idadi ya wanaokufa kila mwaka huzidi ya wanaozaliwa. Wazee ni wengi, wa kuwahudumia ni haba. Kwa sababu hiyo sheria ya kuwapokea wageni wenye ujuzi ilianza kutumika Machi 2020, nayo ikalegezwa mwaka 2023. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya ilitia sahihi mkataba wa ajira huko Berlin, Rais Ruto akishuhudia. (Ilivumishwa kwamba nafasi ni 250,000. Serikali ya Ujerumani ikakanusha.)

Siku 12 kabla ya sahihi hizo, chama cha AfD, chenye kudai wahamiaji warudishwe makwao kwa wingi, kiliongoza uchaguzi wa jimbo la Thuringia. Februari 2025 kikapata zaidi ya asilimia 20 ya kura za taifa zima. Nguvu yake kuu iko mashariki, kwenye wazee wengi na wageni wachache kuliko magharibi. Hatuwabezi wapiga kura wa huko. Baada ya muungano wa mwaka 1990 viwanda vyao vilifungwa, watoto wao wakahamia magharibi, wakabaki wenyewe. Uchungu huo ni wa kweli, ila mgeni siye aliyeuleta.

Wako wasemao kwamba hawampingi mgeni mwenye ujuzi, bali yule aliyeingia bila utaratibu. Kila nchi ina haki ya kulinda mipaka yake, hilo hatubishi. Lakini tuone yaliyotokea Desemba 2024. Utawala wa Assad ulipoanguka nchini Syria, kesho yake tu mwanasiasa mmoja wa chama kikuu cha upinzani cha wakati huo alipendekeza ndege za kukodi na euro 1,000 kwa kila Msiria atakayekubali kurudi. Ndipo wakuu wa hospitali walipolazimika kuwakumbusha watu kwamba madaktari wenye uraia wa Syria ni zaidi ya 5,000, kundi kubwa kuliko la taifa lolote jingine la kigeni, na kwamba hospitali za miji midogo huwategemea mno. Pendekezo lile lilimfikia daktari kama lilivyomfikia asiye na kazi. Wala kijana anayemtukana mgeni kituoni haulizi kwanza vyeti vyake.

Nasi tunamfikiria muuguzi wa Nairobi. Ili avuke, sharti ajifunze Kijerumani miezi mingi, alipie mitihani, angoje vyeti vyake vitambuliwe. Wakati akingoja, anasoma habari hizi zote katika simu yake. Kanada nayo yatafuta wauguzi, na Kiingereza anakijua tayari.