Kabla hujanunua winchi

Kuna ugonjwa umeingia mjini. Kijana anapata kazi ya maana, anakopa benki, ananunua Prado au Escudo iliyotumika kutoka Japani. Mpaka hapo sawa. Miezi miwili baadaye gari lina ngao ya chuma mbele, taa nne juu ya paa na winchi inayong'aa kama sinia la harusi. Sasa muulize chepe liko wapi. Hana. Kipimo cha upepo wa matairi? Hana. Kamba ya kuvutia? Anayo, aliiuziwa na machinga kwenye foleni ya Ubungo.

Naomba nieleweke. Sina ugomvi na mtu anayepamba gari lake, fedha ni zake. Ugomvi wangu ni kwamba gari likikwama porini, anayelipia ubovu wa vifaa mara nyingi si mwenye gari. Mwenye gari yuko ndani kashika usukani. Wanaosimama karibu na kamba ni vijana wa kijiji cha jirani, waliokuja kusukuma kwa matumaini ya kupata elfu mbili ya soda. Kitu kikikatika, kinawafuata wao.

Tuanze na kamba, maana hapo ndipo wengi wanapochanganya mambo. Ipo mikanda ya aina mbili na dukani inafanana. Wa kwanza ni wa kukokotea gari bovu barabarani. Huo haunyumbuki, au unanyumbuka kidogo sana. Wa pili umefumwa kwa nailoni, na ukivutwa unarefuka kama asilimia 20. Gari linalovuta linaondoka taratibu, mkanda unarefuka, kisha unajirudi na kulinyanyua lile lililonasa. Ukiufanyia mkanda wa kukokotea kazi ya mkanda wa nailoni, au ukatumia mnyororo, mshtuko wote unaishia kwenye vyuma. Kuna kitu kitang'oka, na kikishang'oka kinaruka kama risasi.

Wenzetu wa Australia, nchi ya watu wanaopenda kuendesha jangwani, wana kanuni ya lazima kuhusu mikanda hii. Mkanda unaouzwa kule lazima uwe na maandishi ya uwezo wake na tahadhari za matumizi. Tahadhari mbili zinatufaa hata sisi. Kwanza, uwezo wa mkanda kabla ya kukatika uwe mara mbili hadi tatu ya uzito wa lile gari jepesi kati ya magari mawili, likiwa limepakia. Pili, watu wasimame mbali kwa umbali usiopungua mara moja na nusu ya urefu wa mkanda. Mkanda wako ukiwa wa mita 9, hiyo ni mita 13 na nusu. Hebu kumbuka mara ya mwisho ulipoona gari likivutwa kwenye tope. Watu walikuwa mita ngapi?

Fanya hesabu mwenyewe. Prado yenye abiria, mafuta na mizigo inakaribia tani 3, kwa hiyo mkanda wa tani 8 unaifaa. Suzuki Jimny iliyopakia haizidi sana tani moja na nusu. Ukiifungia mkanda wa tani 11 kwa kudhani kwamba mkubwa ndio bora, mkanda hautanyumbuka na utakuwa umerudi kwenye mnyororo. Ukubwa wa mkanda ufuate gari, usifuate sifa.

Kinachofuata ni shakeli, kile chuma chenye umbo la kwato kinachofungwa kwa pini. Nunua iliyogongwa maandishi ya uzito kwenye chuma chenyewe. Ya milimita 19 huandikwa tani 4.75. Usishtuke kuona namba ni ndogo kuliko ya mkanda. Ya mkanda ni ya kukatikia, ya shakeli ni ya kufanyia kazi, na shakeli nzuri hukatika kwa uzito wa mara tano au sita ya hapo. Isiyo na maandishi yoyote iache dukani, hata kama muuzaji anakuapia.

Sasa unafunga wapi? Chini ya magari mengi yaliyokuja kwa meli kuna pete ndogo za chuma. Wengi wanadhani ni za kuvutia. Zile ni za kulifungia gari lisitembee melini, na hazikutengenezwa kwa ajili ya kung'oa tani tatu za chuma kwenye matope. Tafuta ndoano imara zilizofungwa kwenye fremu, au fundi anayejua kazi akufungie. Ile goroko ya chuma ya kuvutia tela ndiyo mbaya kuliko zote. Usiifunge mkanda kamwe. Imewahi kung'oka na kuua watu, Australia hiyo hiyo.

Ukishamaliza hayo, nunua vitu visivyo na sifa mjini. Chepe. Kipimo cha upepo na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari. Kipande cha ubao mnene cha kuwekea chini ya jeki, maana jeki kwenye tope inazama kabla gari halijanyanyuka. Glovu. Kwenye mchanga, kupunguza upepo kutoka PSI 35 hadi 18 kunalirefusha tairi pale linapogusa ardhi, na magari mengi hutoka kwa hilo tu bila kuvutwa na mtu. Ukirudi kwenye lami ujaze tena. Kwenye ule udongo mweusi wa mfinyanzi wa Katavi au bonde la Kilombero, chepe ndilo linaloanza. Chimba mbele ya magurudumu, toa tope lililoziba chini ya gari, ndipo uvute. Gari lililochimbuliwa linahitaji nguvu ndogo zaidi, na nguvu ndogo maana yake hatari ndogo.

Na winchi? Ni kifaa kizuri sana, hasa kwa anayesafiri peke yake. Iwe na uwezo wa mara moja na nusu ya uzito wa gari lililopakia. Ila inahitaji mti au gari jingine la kujishikiza, betri yenye afya, na mtu aliyeizoea kabla ya siku ya shida. Kwenye mbuga isiyo na mti hata mmoja, winchi ni pambo zito.

Kwa hiyo kijana mwenzangu, winchi iache mwisho wa orodha. Na masika yakikukuta umenasa, vijana wa kijiji wakaja kukusaidia, waambie jambo moja kabla hujawasha gari: wasogee mbali. Watakushangaa. Usiwashe mpaka wasogee.