Mchango Usingoje Matanga
Sisi Wakenya ni wepesi wa kuchanga, lakini mara nyingi pesa hutoka kwa bili ya hospitali au mazishi. Katikati hapo, mgonjwa wa saratani yuko nyumbani na gharama ni ndogo ndogo: nauli ya kliniki, nepi, uji, mofini ya maji ya kutuliza maumivu. Binti anayemuuguza ameacha kibarua, na hiyo hasara hakuna anayeihesabu. Huduma za hospisi zipo, Nairobi Hospice ilianza 1990, lakini unga na kodi ni juu yetu.

Maoni yetu? Watu 20 wakituma shilingi 100 kila wiki, hizo ni 2,000 za uhakika. Chagueni mweka hazina mmoja, naye aonyeshe matumizi kwenye grupu kila Jumapili. Tuma angali anasikia asante yako.