Kabla ya Kumrudisha Mtoto Darasani: Mwaka wa Pili wa Exetat Sakania

Matokeo ya mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, Exetat, yakitoka, mji wetu wa Sakania, huku Kongo mpakani na Zambia, hugawanyika kwa saa chache. Waliofaulu humwagiana poda nyeupe kichwani na kuzunguka mitaani wakiimba. Walioanguka hujifungia ndani, na mara nyingi usiku huohuo baba, mama na mjomba hukaa kikao na kutoa hukumu: atarudia mwaka. Kwa hasira, kwa aibu na kwa upendo, familia inaamua jambo zito bila kuuliza lililo la msingi. Mwaka huo wa pili utakuwa na nini ambacho wa kwanza haukuwa nacho?

Ikiwa jibu ni hakuna, mimi nasema asirudi.

Tuutazame mtihani wenyewe. Kwanza huja sehemu ya awali: insha ya Kifaransa, Kifaransa cha mdomo, kazi za vitendo. Halafu siku nne za kikao chenyewe: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya mchepuo. Alama ya kufaulu ni asilimia 50, na karibu yote yanaulizwa kwa Kifaransa. Sasa fikiria mtoto wa Sakania. Nyumbani ni Kibemba, Kilamba na Kiswahili. Barabarani anasikia Kiingereza cha madereva wanaotoka Ndola, Zambia. Kifaransa anakutana nacho ubaoni, anakinakili, anakifunga daftarini. Mtoto huyu anaweza kuijua hesabu na bado akaanguka kwa sababu hakuelewa alichoulizwa. Kumrudisha kwenye benchi lilelile, anakili madaftari yaleyale kwa mwalimu yuleyule, hakugusi ugonjwa wake. Angepata miezi sita ya kusoma magazeti na vitabu vya Kifaransa kila jioni, na mtu wa kumsahihisha insha moja kwa wiki, angekwenda mbali zaidi.

Na mwaka huo si wa bure. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya Serikali hailipiwi, lakini sekondari bado mzazi analipa, na mwaka wa mwisho ndio mzito kuliko yote kwa kuwa ada ya mtihani inaongezwa juu ya karo. Mzazi anayeuza unga sokoni anajua hesabu hiyo kuliko mimi.

Ndiyo maana wengine husema: basi aende mpakani. Wilaya yetu ina Kasumbalesa na foleni zake za malori, ina migodi ya Frontier na Lonshi, ina mawakala wa forodha wanaohitaji vijana wa kukimbia na karatasi. Sauti hii ina ukweli, na walimu wanakosea wanapoibeza. Kijana akifanya kazi mwaka mmoja anaweza kujilipia mtihani na kuwapunguzia mzigo wadogo zake. Hata hivyo, ukiangalia anachopewa asiye na diploma, ni kubeba, kuosha, kulinda usiku. Kazi yenye mkataba huanza kwa kuulizwa hiyo karatasi. Zaidi ya hapo, pesa ya kila siku ina nguvu ya kumzoesha mtu; wengi waliosema watarudi mwakani, mwakani haikufika.

Ipo njia ya tatu, nayo huzungumzwa kidogo mno: kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, otodidakti. Huyu hafungwi na darasa. Anapita mtihani wa kumchuja, kisha anakaa kikao pamoja na wengine. Anaweza kufanya kazi asubuhi na kusoma jioni. Udhaifu wa njia hii ni upweke. Kijana anabaki na vitabu vya items, yale maswali ya miaka iliyopita, akikariri herufi za majibu bila mtu wa kumweleza kwa nini jibu ni hilo. Hapo ndipo madalali wanaoahidi majibu kwenye WhatsApp humkuta. Anawapa pesa, na siku ya mtihani anagundua ameibiwa.

Linaloniudhi kuliko yote liko ng'ambo ya mpaka. Zambia, kijana aliyeanguka hesabu katika mtihani wa darasa la 12 anaweza kuirudia hesabu peke yake, akiwa mtahiniwa wa nje, na yale aliyofaulu yakabaki yake. Tanzania wana utaratibu wa namna hiyo, na vijana wao husema wanakwenda kuriseti. Kwetu aliyekosa kidogo tu kufika 50 anaanza yote upya, hata masomo aliyoyashinda vizuri. Mtihani huu unafanyika tangu miaka ya 1960, na sioni sababu ya kielimu ya kuuacha hivyo. Wizara ikikubali alama za sehemu zihifadhiwe japo miaka miwili, nusu ya vikao vya usiku ule havitakuwa na la kujadili.

Waliofaulu kwa asilimia ndogo na wanataka kurudia ili wapate kubwa, ushauri wangu ni mfupi: chukua diploma uende. Anayelenga udaktari au uhandisi katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi ana sababu ya kufikiri mara mbili, maana vitivo hivyo vinachuja sana. Wengine hawana.

Wasichana ni habari nyingine. Pesa ya kurudia ikiwa ya mtoto mmoja, mara nyingi anarudi kaka, na dada anaambiwa asubiri. Sheria ya familia iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza ndoa kabla ya miaka 18, lakini msichana wa mwaka wa mwisho mara nyingi ameshaifikia. Sheria haimkingi tena. Kilichokuwa kinamkinga ni sare ya shule. Kwake yeye ningeilegeza kanuni yangu: arudi darasani, hata kama darasa ni lilelile.

Kwa wengine wote, kinachokosekana ni darasa la jioni, na pesa yake haiko mbali. Kanuni ya madini ya mwaka 2018 inaitaka kampuni ya mgodi itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na asilimia 15 ya mrabaha inakwenda kwa serikali za mtaa. Chumba kimoja chenye umeme, walimu watatu wa Kifaransa, hesabu na sayansi, rafu ya vitabu: kwa mgodi wa shaba ni gharama ndogo sana. Kamati za wazazi zina haki ya kuomba hilo liingizwe katika miradi ya jamii, na wakati wa kuomba ni sasa, kabla ya shule kufunguliwa Septemba, majina ya walioanguka yakiwa bado mkononi.